Urithi Usioonekana: Somo la Mishipa ya Damu



Katika misiba ya hapa Dodoma twasikia mara nyingi neno hili: "Alikuwa mzima, akaanguka ghafula." Wengine husema amerogwa, wazee hunyamaza, na watoto hawaambiwi kwamba babu yao naye alianguka vivyo hivyo. Ukimya huo wawanyima onyo. Basi leo na tujifunze habari za shinikizo la damu.

1. Kazi ya mishipa. Wafugaji wa Ugogo waujua ukanda wa ngozi: uliopakwa mafuta hupindika, ulioachwa juani hukakamaa. Ndivyo ilivyo mishipa mikubwa itokayo moyoni. Moyo upigapo, mshipa mwororo hutanuka, kisha hujirudi na kuisukuma damu mbele. Mshipa mgumu hautanuki vema. Pigo hupita mbio, na moyo hulemewa. Matabibu hupima mwendo wa pigo hilo toka shingoni hata pajani. Ukizidi meta 10 kwa sekunde, ni dalili ya kukakamaa.

2. Urithi. Walipopimwa watu wenye afya ambao baba au mama ana shinikizo la damu, mara nyingi mishipa yao ilionekana migumu kuliko ya wenzao, ingawa hawakuona maumivu yo yote. Yaani alama ya urithi yaweza kuutangulia ugonjwa.

3. Urithi si hukumu. Katika miaka ya 1980 walipimwa Wajaluo wa Kenya waliohama kijijini kwenda Nairobi. Shinikizo lao lilipanda katika miezi ya kwanza, na chumvi waliyokula ilizidi ile ya jamaa zao waliobaki. Ukoo ulikuwa ule ule. Maisha ndiyo yaliyobadilika.

4. Yatupasayo. Upimaji wa Ilala na Hai, uliotangazwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba katika kila watu 10 wenye shinikizo la damu, hawakutimia 2 waliojua hali yao. Kwa hiyo mwenye mzazi wa namna hii apimwe kila mwaka, ijapokuwa ajiona mzima. Akiambiwa 140 kwa 90 au zaidi, asikawie kumrudia tabibu. Apunguze chumvi katika mlenda, aache tumbaku, ajihadhari na pombe.

Maswali ya kuulizana nyumbani: Ni nani katika ukoo wetu aliyeanguka ghafula? Je, watoto wetu wameambiwa? Nasi tulipimwa lini?