Kuchua Misuli: Faida na Mipaka Yake kwa Mfanyakazi wa Ofisini

Karani aketiye mezani kutwa haonekani kuwa anafanya kazi ya nguvu. Hata hivyo, ifikapo alasiri, makarani wengi hulalamikia maumivu ya shingo na mabega. Chanzo chake hueleweka kwa kuitazama shingo kama wenzo.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Egemeo ni pale fuvu linapokalia pingili ya kwanza ya uti wa mgongo. Mzigo, yaani uzito wa kichwa, huelemea mbele kidogo ya egemeo hilo, na jitihada hutolewa na misuli ya kisogo na mabega. Kadiri mtu anavyoinamia karatasi au kompyuta, ndivyo mzigo unavyokwenda mbali na egemeo, na ndivyo misuli inavyolazimika kuvuta kwa nguvu zaidi. Misuli iliyokazwa bila kulegezwa huibana mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake, ikakosa oksijeni ya kutosha na kuchoka.

Jaribio: Mwanafunzi anyooshe mkono mbele, ashike chupa yenye lita 1 ya maji na kutulia. Mwenzake apime muda hadi mkono uchoke. Baada ya mapumziko, ainue na kuishusha chupa hiyo polepole, muda upimwe tena. Matokeo yalinganishwe.

Kuchuliwa misuli kwa utaratibu, kwa mfano mara moja kila juma, huwapa nafuu watu wengi wenye maumivu ya namna hii. Je, nafuu hiyo hutokana na nini? Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa kuchua huondoa asidi laktiki katika misuli. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walitoa matokeo ya uchunguzi wa vijana 11 walioendesha baiskeli hadi kuchoka kabisa. Paja moja lilichuliwa kwa dakika 10, la pili likaachwa. Kiasi cha asidi hakikutofautiana, bali viashiria vya uvimbe vilipungua katika paja lililochuliwa.

Sababu nyingine imo katika neva. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa uti wa mgongo una namna ya lango: hisia za mguso na mkandamizo zaweza kuzuia sehemu ya taarifa za maumivu zisifike kwenye ubongo. Ndiyo maana mtu aliyejigonga goti hulisugua papo hapo.

Nafuu hii, hata hivyo, mara nyingi ni ya muda. Karani aliyechuliwa Jumamosi, kisha akainama Jumatatu kutwa nzima, huurudisha mzigo uleule juu ya misuli ileile. Hana budi kuinua kazi yake ifikie usawa wa macho, na kusimama na kutembea mara kwa mara.

Aidha, si kila maumivu ni ya kuchuliwa. Mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma huenda una damu iliyoganda mshipani, na bonge hilo likisogezwa laweza kufika mapafuni na kuua. Ganzi ya mkono, au maumivu yaambatanayo na homa, nayo humhitaji daktari kwanza.

Swali: Kwa kutumia kanuni ya wenzo, eleza kwa nini kuinua kitabu usawa wa macho hupunguza uchovu wa shingo.