Baridi, jiko la mkaa na mgonjwa wa mapafu

*Mama mwenye umri wa miaka 64 ana ugonjwa sugu wa mapafu, na kila Juni na Julai kikohozi humzidi usiku, ingawa jiko la mkaa huingizwa chumbani ili apate joto. Je, tatizo ni baridi au ni jiko? – Msomaji, Njombe*

Wasiwasi huo una msingi, kwa kuwa vyote viwili huchangia. Katika ugonjwa huu njia za hewa, yaani mirija inayopeleka pumzi mapafuni, huwa zimevimba na kusinyaa, hivyo hewa baridi huzibana zaidi. Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 18 za Selsiasi. Hata hivyo, mkaa, hata ukiwa mwekundu bila moshi, hutoa chembe laini zinazowasha mapafu pamoja na monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni na yaweza kuua waliolala.

Inafaa jiko libaki nje, mgonjwa avae soksi na nguo nzito, madirisha yafunguliwe mchana jua linapowaka, nguo mbichi zisianikwe chumbani kwa kuwa unyevu huotesha ukungu ukutani, na dawa ya kuvuta itumiwe kama daktari alivyoagiza. Makohozi yakiongezeka au kubadilika rangi, aonwe kituo cha afya. Midomo ikiwa ya bluu, au akishindwa kumaliza sentensi, apelekwe hospitali mara moja. Jiko la mkaa lisilale chumbani na mtu yeyote, awe mgonjwa au mzima.