Nimemaliza dawa za TB, mbona bado nakohoa?

SWALI: Daktari, nilimaliza dozi ya TB ya miezi sita, lakini kikohozi kimerudi. Darubini inaonyesha vimelea kwenye makohozi, ila kipimo cha GeneXpert kinasema hakuna TB. Niamini kipi?

JIBU: Huenda vyote viwili ni sahihi. Darubini huonyesha jamii nzima ya mikobakteria, yaani vimelea wa TB na ndugu zao, lakini GeneXpert hutafuta wale wa TB peke yao. Wapo mikobakteria wengine wanaoishi kwenye maji na udongo, na hupenda mapafu yenye makovu ya TB. Kwa kawaida hawaambukizwi kutoka mtu hadi mtu.

Omba makohozi yaoteshwe maabara, angalau sampuli mbili za siku tofauti, na aina ya mikobakteria itambuliwe. Sampuli moja haitoshi. Huenda vimelea walioonekana wamepita njia tu bila kusababisha ugonjwa. Picha ya kifua nayo ni muhimu.

Tiba hutegemea aina. Mycobacterium avium hutibiwa kwa azithromisini, rifampisini na ethambutoli, kwa miezi 12 zaidi baada ya makohozi kuwa safi. Mycobacterium abscessus ni sugu mno, na mara nyingi huhitaji pia dawa za kuchomwa kwenye mshipa.

Ethambutoli inaweza kudhuru macho: ukiona ukungu au rangi zikififia, wahi hospitali. Na usirudie dawa za TB kwa kubahatisha.