Msuguano na Ulikaji: Funzo la Breki katika Mchanga wa Kwale

Tangu 2013 hadi 2024 mchanga wa Kwale, upande wa Msambweni, ulichimbwa kwa ajili ya madini ya titani na zirkoni. Zirkoni ni ngumu. Chembe zake hutiwa katika baadhi ya pedi za breki ili kuongeza msuguano. Hapa sarufi yatufaa. Neno "msuguano" latokana na "suguana", kauli ya kutendana: pedi huisugua diski, diski nayo huisugua pedi. Kwa hiyo zote mbili hulika. Chembe zikizidi, diski huisha upesi. Zikipungua mno, breki hulegea, na roho za abiria zimo hatarini. Basi muundaji wa istilahi asitafsiri neno tu. Atazame kwanza kitendo kina washiriki wangapi.