Jaketi la baridi la mtumba: kufua si kazi, kazi kulikausha

Najua mtacheka: mtu yuko Bububu, jasho linamtoka, anauza majaketi ya baridi! Lakini wateja wangu hawapo Unguja. Wapo Moshi, Arusha, Njombe, Makete, na wengine ni vijana wanaokwenda kusoma Ulaya. Mie nanunua mtumba, nafua, napiga picha, naposti. Mzigo unapanda boti mpaka Dar, kisha basi.

Mwaka jana niliuza moja, lile lililotuna kama mto, kwa kijana anayebeba mizigo ya watalii mlima Kilimanjaro. Nililifua vizuri, juu likakauka, nikalitia kwenye mfuko wa nailoni nikatuma. Lilipofika Moshi linanuka uvundo, manyoya yameshikana madonge pembeni, mgongoni hamna kitu. Alinipigia simu kwa upole tu, na huo upole ndio ulioniuma. Kilele ni mita 5,895, kule usiku maji yanaganda. Nilimrudishia elfu 45 yake na nauli ya mzigo juu.

Ikabidi nijifunze. Jaketi hili halina moto ndani yake jamani. Kinachotia joto ni hewa inayonaswa kati ya manyoya. Yakishikana madonge, hewa hakuna, mtu kavaa nailoni mbili tu.

Kwa hiyo kwanza soma lebo ya ndani, ubavuni. Ikiandikwa "down", ndani mna vinyoya vya bata. Ikiandikwa "polyester" tu, ni nyuzi za plastiki, hilo halisumbui sana. Kama lebo imekatwa, bonyeza kwa vidole: ukihisi vijiti vidogo vinachoma, ujue ni manyoya. Na kinyoya kikichungulia nje usikivute, kitaita wenzake. Kivutie ndani kwa upande wa pili wa kitambaa.

Kufua kwenyewe ni kwepesi. Toa vitu mifukoni, funga zipu, sugua kola na mikono kwa brashi laini. Karai kubwa, maji ya baridi au vuguvugu kidogo, sabuni ya maji isiyo kali, vijiko viwili basi. Ya unga ukiizidisha haishi kutoka. Jiki usitie, wala dawa ya kulainisha nguo, inayalaza manyoya. Bonyezabonyeza taratibu, usisokote. Suuza mpaka povu liishe kabisa, mie hufika mara tano. Kama kisima chenu kina maji ya chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji matamu.

Hapa pa kulitoa ndipo wengi wanapoharibu. Likiwa rojorojo ni zito mno. Ukilishika mabegani ukalinyanyua, nyuzi za ndani zinakatika na manyoya yote yanahamia chini. Pitisha mikono miwili chini yake, kama unavyombeba mtoto mchanga. Lilaze juu ya taulo, likunje nalo, ulikandamize maji yatoke.

Sasa kukausha. Usilitundike kwenye kamba. Mie nalilaza juu ya kitanda cha kamba cha bibi, kivulini penye upepo, maana hewa inapita juu na chini. Jua kali linapausha rangi. Kila baada ya saa moja nageuza, natafuta madonge kwa vidole nayachambua, halafu nalikung'uta. Inachosha, sitawadanganya. Wakati wa kaskazi siku mbili zinatosha. Masika ni siku nne na feni, na usiku naanua naliweka ndani. Ukiwa na mashine ya kukaushia, tia moto mdogo na mipira miwili mitatu ya tenisi, inayapiga yale madonge. Pasi usiiguse, nailoni itayeyuka.

Utajuaje limekauka? Juu linakudanganya, kitambaa hukauka mapema. Mie nalipima kwenye mizani kabla ya kulifua, naandika gramu. Likizidi uzito wa mwanzo, ndani bado mna maji, linarudi kitandani. Kisha naweka pua kwapani na kwenye kola, panapochelewa kukauka. Lile la rangi nyepesi namulika tochi ya simu kwa ndani: madonge yanaonekana kama mawingu meusi, na palipo patupu panang'aa.

Likishakuwa tayari, litundike au lilaze kwenye mfuko wa kitambaa. Usilibane mpaka siku ya kutuma, na mwambie mteja alikung'ute akilipokea, litatuna lenyewe baada ya saa chache. Kwenye posti yangu siku hizi naandika lina nini ndani, limefuliwa lini, na kama mgongoni pamepungua natia picha ya hapo hapo na bei naishusha. Lile la yule kijana nilikuja kulifua upya, likakaa siku tano kitandani, mgongo haukurudi. Nimeliuza elfu 15 kwa dereva wa bodaboda wa Arusha, anajua lilivyo, analivaa asubuhi.