Gari Linaposimama Muda Mrefu

Katika vijiji vingi vya mabondeni, kama vile vya Bonde la Mto Rufiji, mvua za masika hunyesha kuanzia mwezi wa Machi hadi Mei. Barabara za udongo hugeuka matope, na pengine magari hayapiti kwa wiki nyingi.

Tufikirie kijiji kimoja chenye zahanati na gari moja la wagonjwa litumialo dizeli. Barabara ilipokatika, dereva aliliegesha gari chini ya mwembe, akaenda shambani. Kwa muda wa miezi mitatu hakuna aliyeligusa. Barabara ilipofunguka, mama mmoja alishikwa na uchungu usiku, ikabidi apelekwe hospitali. Dereva alizungusha ufunguo, lakini injini haikutoa hata mlio. Mama yule alibebwa kwa machela, na mtoto akazaliwa njiani, gizani. Kwa bahati njema wote wawili walisalimika.

Dereva alishangaa sana, kwa kuwa siku ya kuliegesha gari lilikuwa zima. Je, ni kitu gani kililiharibu, na hali halikwenda popote? Tuanze na jaribio.

JARIBIO: Kutu hutokea wakati gani?

Vifaa: chupa nne zenye vifuniko, misumari minne ya chuma isiyo na rangi, msasa, grisi kidogo, mafuta ya kula, na maji.

Sugueni misumari kwa msasa mpaka ing'ae. Katika chupa ya kwanza, iliyokaushwa vizuri juani, tieni msumari mkavu na kufunga kifuniko. Katika chupa ya pili tieni msumari, kisha jazeni maji ambayo mwalimu ameyachemsha kwa dakika kumi na kuyaacha yapoe katika chombo kilichofunikwa. Mimineni mafuta ya kula juu ya maji hayo ili hewa isiingie. Katika chupa ya tatu tieni msumari na maji ya kawaida yafike nusu ya msumari. Msumari wa nne upakeni grisi kote, ndipo muutie katika maji kama ule wa tatu. Ziacheni chupa kwa siku saba.

Mtaona kwamba msumari wa tatu umeshika kutu zaidi ya mingine yote. Chuma hushika kutu kikipata maji pamoja na oksijeni iliyomo hewani. Maji yaliyochemshwa yamepoteza hewa yake, na grisi huzuia maji na hewa visikifikie chuma. Mkitia chumvi katika maji, kutu huja upesi zaidi. Ndiyo maana magari ya Tanga, Mtwara na Unguja huliwa na kutu kuliko yale ya Dodoma.

Sasa turudi kwenye gari letu. Matope yaliyoganda chini ya madigadi hushika unyevu kama sifongo. Kwa hiyo kabla ya kuegeshwa, gari huoshwa hasa upande wa chini, huachwa likauke kabisa, kisha sehemu za chuma zilizo wazi hupakwa grisi. Huwekwa bandani penye hewa. Kulifunga kwa plastiki si vizuri, maana plastiki hunasa mvuke ndani.

Kilichoinyamazisha injini usiku ule kilikuwa betri. Ndani ya betri mna bamba za risasi zilizozama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Hata gari likiwa limezimwa, umeme wa betri hupungua wenyewe polepole, na joto huongeza upungufu huo. Betri ikikaa bila umeme, chembe ngumu nyeupe hufunika bamba zake, na baadaye haikubali tena kuchajiwa. Fundi huiondoa betri garini, akianza na waya wa ncha hasi ili spana isije ikagusa bodi na kutoa cheche. Huiweka mahali pakavu pasipo joto kali, na kuipima kila mwezi. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi; ikishuka chini ya 12.4 huchajiwa.

HADHARI: Msiguse betri. Asidi yake huunguza ngozi na macho, na gesi inayotoka betri ikichajiwa huweza kulipuka kwa cheche moja tu.

Tangi la mafuta nalo lina siri yake. Bila shaka mmewahi kuona matone ya maji chini ya mabati ya paa alfajiri. Hewa yenye mvuke ilikutana na bati lililopoa usiku. Tangi lililojaa nusu lina hewa nyingi ndani, na mambo huwa vivyo hivyo. Maji ni mazito kuliko dizeli, basi huzama chini, kule mafuta yanakovutwa kwenda kwenye injini. Tangi likijazwa, nafasi ya hewa huwa ndogo.

Oili chafu ya injini hubadilishwa, kwa sababu ina maji na asidi. Matairi hujazwa upepo, na gari huinuliwa juu ya magogo imara ili uzito usikae mahali pamoja pa tairi. Breki ya mkono huachwa wazi, isije ikang'ang'aniana kwa kutu. Kabla gari halijainuliwa, magurudumu huzuiwa kwa mawe. Bomba la moshi huzibwa kwa kitambaa, kwani panya hupenda kujenga humo na kutafuna nyaya.

Baadhi ya madereva huwasha injini dakika tano kila wiki na kuona wamefanya kazi njema. Mafuta yanapoungua hutoa mvuke wa maji. Injini isipopata moto wa kutosha, maji hayo hubaki ndani ya bomba na oili, na betri huenda isirudishiwe umeme wa kutosha. Heri gari liachwe limezimwa.

MASWALI

1. Kwa nini msumari wa pili haukushika kutu nyingi ingawa ulikuwa majini?
2. Eleza jinsi maji yanavyoingia katika tangi lililofungwa.
3. Chunguzeni jembe, baiskeli au cherehani iliyowekwa muda mrefu nyumbani. Kutu imeanzia wapi, na kwa nini hapo?
4. Dereva ameziba bomba la moshi. Afanye nini ili asisahau kitambaa hicho siku ya kuwasha gari?