SOMO: UMEME WA JUA KATIKA ZAHANATI

Wanachama, jua lile lile tunaloanikia karafuu laweza kuwasha taa za zahanati. Tuchukue mfano wa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, wilaya iliyotengwa na Mbinga mwaka 2012. Mji huo uko nyuzi 11 hivi kusini ya Ikweta. Kwa miezi mingi jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Basi paneli huelekezwa huko, zikainamishwa kidogo ili mvua izioshe vumbi. Kivuli cha mwembe mmoja chatosha kuharibu kazi.

Sasa hesabu. Paneli ya wati 100, kwa saa 4 za jua kali, yatoa wati-saa 400. Nyingine hupotea njiani, tushike 300. Taa 4 za wati 5, zikiwaka usiku kucha kwa saa 12, zala 240. Zabaki 60. Simu moja yala kama 15. Majirani wanne wakichaji, akiba imekwisha (na nani atamkatalia jirani?). Wa tano anakula betri. Betri ya risasi ikikaushwa kila siku hufa upesi, na mkunga anarudia kandili.

Jokofu la chanjo, la digrii 2 hadi 8, lipewe paneli zake peke yake. Fedha za betri ya pili zianze kuwekwa siku ya kwanza: paneli hudumu miaka 20 na zaidi, betri haifiki huko.